Sanda kwa Kipimo cha Mdogo Wangu

Nyumbani kwetu kila mtu alikuwa na kamba yake. Baba alikuwa fundi cherehani hapa Buyenzi, mtaa wa Bujumbura, fundi wa zamani, na hakuviamini sana vipimo vya kuandikwa. Aliamini kamba nyembamba ya pamba. Kila Idi ilipokaribia alituita mmoja mmoja, tukasimama visigino ukutani, naye akakata kamba kuanzia utosini mpaka sakafuni, kisha akapiga fundo penye bega, fundo penye kiuno na fundo penye goti. Kamba zote zilining'inia kwenye misumari nyuma ya cherehani: yake na ya mama juu, yangu katikati, na ya mdogo wangu mwishoni, karibu na dirisha. Mgeni akiziona alidhani tunaloga watu. Kwetu zilikuwa nguo za Idi tu.

Mimi nilikuwa nimeshamaliza kurefuka. Kamba yangu ilibadilika fundo la kiuno peke yake, na baba alinitania kwa hilo mbele ya wateja bila huruma. Ya mdogo wangu ilikatwa upya kila mwaka. Alikuwa na miaka kumi na minne, suruali zake zote zilimkimbia kifundo cha mguu, na mama alisema mtoto huyu hali wali, anakula nguo.

Vita vilikuwa vimeshaingia mjini. Sitavieleza, waliokuwepo wanajua, na wasiokuwepo wana vitabu. Nitasema tu kwamba kulikuwa na siku tulizoziita ville morte, mji mfu, ambazo vijana waliziba barabara kwa mawe na magogo, maduka yakafungwa, na Bujumbura nzima ikanyamaza jua likiwa utosini. Milio ya bunduki tuliizoea. Kilichonitisha mimi ni ule ukimya, kukaa barazani mchana kweupe na kumsikia mbuzi wa mtaa wa tatu akikohoa.

Asubuhi moja iliyoanza vizuri, baba alimtuma mdogo wangu apeleke suruali kwa mteja wa mtaa wa Gihosha. Alikuwa amekwenda mara nyingi. Unavuka mto Ntahangwa, unapandia Mutanga Sud, na mtoto mwenye miguu ile hachoki. Ilipofika adhuhuri tukasikia barabara zimezibwa. Alasiri alikuwa hajarudi. Baba alikuwa ameinamia cherehani, akasema, "Kawia ufike." Ni msemo wa kila mtu, na yeye alikuwa akiutumia kwa wateja aliowachelewesha nguo zao. Siku ile aliusema bila kuinua kichwa, nami nikaingia jikoni nisiuone uso wake.

Suruali ilifika. Hilo tulilijua barabara zilipofunguliwa na baba akapanda Gihosha mwenyewe. Mteja alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, mama wa makamo, na suruali ilikuwa ya mumewe. Alisema mtoto alifika, akampa maji ya kunywa, akamwomba alale kwao mpaka mji utulie. Mdogo wangu alikataa. Alisema baba anamsubiri, akarudisha kikombe, akashuka. Kati ya lango la mwalimu yule na mlango wetu mtoto akaisha. Tulimtafuta hospitalini, misikitini, makanisani kwa waliokimbilia huko, kwa watu tuliowajua na kwa watu ambao hatukupaswa kuwauliza. Hatukupata hata kiatu.

Kwa kawaida yetu mtu akifa huachwi uwe peke yako na wazimu wako. Turubai linafungwa barabarani, mikeka inatandikwa, wanawake wanaingia na masufuria yao, wanaume wanakaa nje na tasbihi, na kwa siku kadhaa nyumba si yako tena. Hayo ndiyo matanga. Sisi hatukukaa matanga. Hapakuwa na maiti, na baba hakukubali kutamka kwamba mtoto amekufa. Mama alimwendea shehe akamuuliza kama mtoto anaweza kuswaliwa ile swala ya asiyekuwepo, ambayo watu husimama safu na mbele yao hapana jeneza. Shehe alimjibu kwamba inawezekana, lakini neno la kuwa amekufa lazima litoke kwa baba yake. Mama akarudi na jibu hilo, akaliweka mbele ya baba pamoja na kikombe cha chai. Baba akanywa chai.

Ikawa hivyo. Mama akawa si mfiwa na si mama wa mtoto aliyesafiri. Majirani waliompa pole walimpa kwa sauti ya kuuliza. Hakulia, maana kwetu kumlilia aliye hai ni kumwitia mauti, na baba alikuwa ameshikilia kwamba mtoto yu hai. Nilimwona mama akipepeta mchele macho makavu, anapepeta uliokwisha kuwa safi, na nilimchukia baba kwa hilo. Nilimpenda pia. Lakini siku nyingine nilimchukia, na sioni sababu ya kuficha.

Aliyelianzisha jambo la sanda, bila kukusudia, ni muosha maiti wa msikiti wetu. Tulikuwa naye ukuta kwa ukuta, na kazi yake ya riziki ilikuwa kuziba radieta za magari. Alikuja barazani siku moja akaeleza kwamba hospitalini kuna maiti wasioulizwa na mtu, wanazikwa na walichokutwa nacho, wengine hawana hata hicho. Aliomba mabaki ya vitambaa. Baba hakumpa mabaki. Alishusha jora la marekani nyeupe, akakata sanda kamili, vipande vyote, akaikunja.

Muosha akauliza ni sadaka ya nani, maana sanda ya kutolewa huombewa dua kwa jina la mtu. Baba akataja jina la mdogo wangu. Jina hilo sitaliandika. Nyumbani lilikuwa limeshaacha kutamkwa, na kulisikia ghafla barazani kulinifanya nijichome sindano niliyokuwa nashonea vifungo. Muosha akauliza taratibu kama aseme marehemu. Baba akamwambia ataje jina tu, asiongeze kitu.

Ndivyo mfuko ulivyoanza. Baba alishona mfuko wa kaki, akauning'iniza kwenye nguzo ya baraza, na watu wakatia walichokuwa nacho: sabuni, kafuri, udi, kipande cha nguo nyeupe. Mafundi wa magari walichangia, wenye maduka walichangia. Yule mwalimu wa Gihosha, ambaye ni Mkristo wa kanisani kila Jumapili, alishuka na mashuka meupe yenye harufu ya kabati, na hakuacha kushuka kila barabara iliporuhusu. Waislamu walioshwa na wetu. Ambaye dini yake haikujulikana alivikwa nguo ile ile na kuombewa na aliyekuwa karibu. Shehe alisema Mungu atajichagulia.

Mtaa ukauita mfuko kwa jina la mdogo wangu. Basi jina lililokufa ndani likawa hai nje. Watu walisema wametoka kwake, wanakwenda kwake, kwake kafuri imekwisha. Siku moja sokoni nilimsikia mwanamke nisiyemjua akimwambia mwenzake kwamba mtoto yule anasaidia watu sana. Alisema hivyo kwa uhakika wa mtu aliyeagana naye asubuhi. Nilisimama na kikapu changu cha mchicha wa lengalenga, nikataka kumuuliza alikuwa amevaa nini.

Marekani tuliipata kwenye maghala ya Zone Industrielle, eneo la viwanda, barabara ya bandarini ikiwa salama. Ilikuja na uwanga mwingi, kwa hiyo baba aliiloweka kwanza irudi na kupungua, kisha akaikata na kuitundika uani ikauke. Vipande virefu vyeupe, kimoja kimoja, kwenye kamba ya nguo, adhuhuri, upepo wa ziwa hakuna. Mama alipokwenda chooni alizungukia upande wa ukuta ili asipite kati yake. Mimi nilipita, kwa ubishi tu, na kila nilipopita niliona haya, kama niliyeingia chumbani kwa mtu bila kubisha hodi. Nguo ile iliyumba kidogo kila mara baada ya mimi kupita, si wakati nikipita. Nilijieleza kwamba ni upepo wa gauni langu. Maelezo yalikuwa mazuri na hayakunisaidia.

Wateja nao wakaanza kumkwepa baba. Mtu alikuja kushonewa shati, akashtuka kuona fundi anamtazama kuanzia utosini mpaka unyayoni bila kusimama kifuani. Mmoja alimwambia waziwazi, akicheka, kwamba yeye bado yupo, apimwe mabega tu. Baba akacheka pia. Lakini baada ya hapo yule mteja alihamia kwa fundi mwingine.

Muosha naye alikuwa na lake. Alikuja mara ya kwanza kwa heshima, mara ya pili kwa kuguna, mara nyingine akasema mbele yangu:

"Muzee, sanda zako zinachagua watu. Mutu murefu, miguu inabaki inje."

Baba alimjibu kwamba atatazama. Hakutazama. Muosha akazoea kuunga kipande miguuni, akamwambia mama kwamba mafundi wakizeeka huwa wabishi. Hata mimi niliona ajabu. Sanda si suti. Kila anayekata sanda hukata kwa ukarimu, maana maiti hamkosoi fundi. Na baba, ambaye kwa kanzu ya Idi aliacha upindo wa kutosha watoto wawili, kwenye sanda alikuwa bahili wa kitambaa. Nilidhani ni kubana matumizi.

Aliyenifumbua macho ni binti mdogo wa muosha, aliyezaliwa baada ya mdogo wangu kupotea. Alikuwa akija uani kwetu kucheza, na hakuogopa vile vitambaa. Siku moja nilikuwa nafua, vitambaa vimetundikwa, yeye amechuchumaa chini yake akichora kwenye vumbi. Akainua macho, akatazama juu mpaka chini, akasema:

"Kaka amekuwa murefu."

Nilimuuliza kaka gani. Akanionyesha nguo kwa kijiti. Alikuwa anasema jambo la kawaida kabisa, na akarudi kuchora. Mimi mikono yangu ilibaki ndani ya beseni, povu likiisha.

Nilisubiri baba aende kuswali, nikaenda nyuma ya cherehani. Kamba ya mdogo wangu ilikuwa kwenye msumari wake karibu na dirisha. Nilikuwa nimeiona kila siku na sikuwa nimeitazama. Niliishika kwenye ncha nikaiteremsha. Ilipoishia kamba ya zamani, ile ya Idi yake ya mwisho, palikuwa na fundo na kipande kipya kimeungwa, cha upana wa vidole vichache. Kisha fundo jingine, na kipande kingine. Vya juu vilikuwa vimeshika rangi ya mkono, cha mwisho kilikuwa cheupe. Nikachukua sanda iliyokunjwa ndani ya mfuko, nikaikunjua sakafuni, nikailaza kamba juu yake. Zilikwenda sawa, ukiacha sehemu ya kufungia kichwani na miguuni.

Baba hakuwa bahili. Kila sanda aliyoikata, kwa kila maiti asiyejulikana wa mji huu, alikuwa ameikata kwa kipimo cha mdogo wangu. Na kila Idi, sisi tukiwa tumelala au tumekwenda sokoni, alikuwa akimpima mtoto ambaye hayupo na kumwongezea alichodhani amerefuka. Nilijaribu kufikiri anafanyaje. Anafumba macho? Anamsimamisha ukutani? Ukuta ulikuwa pale, na alama za visigino vyetu chini yake, na sikuweza kuutazama.

Sikumwambia mama. Nadhani alijua, kwa sababu alikuwa haufagii ule upande. Nami nikawa mtu wa kungoja Idi. Nilijifanya nina shughuli, na kesho yake naenda kuitazama kamba, na kipande kipo. Mwaka mmoja kilikuwa kirefu kuliko vyote, nikakumbuka kwamba wavulana wengine huchelewa, kisha hujitupa juu hivyo. Nilijikuta nimefurahi. Nasema kweli, nilisimama pale nikafurahi kwamba mdogo wangu amekua vizuri, halafu nikaogopa furaha yenyewe.

Kisha ikaja Idi ambayo kamba haikuongezwa. Nikangoja na ya pili. Haikuongezwa. Niliitoa msumarini, nikaiweka sambamba na kamba ya baba, zikalingana mpaka ncha. Safari hii baba alinikuta. Hakukasirika. Alichukua kamba mkononi mwangu, akaipangusa kwa kidole gumba.

"Amenifikia," akasema. "Ni mutu mukubwa sasa."

Mama alikuwa mlangoni. Aliingia, akakaa kwenye kigoda cha wateja, na kwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi alisema mbele yangu yale waliyokuwa wakisemezana chumbani.

"Mutoto anaweza kupotea," akamwambia. "Watu wanamukamata, wanamulea mbali, anasahau njia. Mutu mukubwa asahau Buyenzi? Kama ni mukubwa na bado aji nyumbani, we unajua iko wapi. Mi nataka kulia mutoto wangu. Niachie nilie."

Baba hakusema kawia ufike. Alikata sanda moja, urefu wake mwenyewe, ambao sasa ulikuwa wa mdogo wangu pia, polepole, akaikunja na kafuri ndani yake. Hakuitia kwenye mfuko. Aliiweka peke yake juu ya rafu, juu ya majora, kisha akatoka kwenda kuswali. Mama akabaki kwenye kigoda. Hakuwa amepewa ruhusa na hakuwa amenyimwa.

Sanda hiyo ikakaa juu pale. Vumbi la barabarani lililofunika kila kitu halikuishika, au baba alikuwa akilipangusa, sijui. Ukiingia dukani macho yalikwenda juu yenyewe. Ilikuwa imekunjwa upana wa mtu aliyejikunyata.

Baadaye yalianza kuanguka mabomu kutoka milimani, siku baada ya siku, na mji ukarudi kwenye ule ukimya wake wa mchana. Soko likafungwa, maghala ya Zone Industrielle yakafungwa. Mfuko uliisha. Mwalimu wa Gihosha hakuweza kushuka. Baba alitoa mashuka yetu, kisha kitambaa cha mezani, na mama alitoa mtandio wake mweupe, na hivyo navyo vikaisha.

Muosha akaja asubuhi. Alikuwa hajanyoa, na hakukaa.

"Iko kijana mumoja kule hospitali," akasema. "Murefu. Akuna mutu anamuuliza."

Baba akamwambia mfuko ni mtupu. Muosha akasema anajua, amekuja tu, hakujua aende wapi kwingine. Yule mtu alikuwa muungwana. Hakuinua macho kwenye rafu hata mara moja. Lakini sote tulikuwa tunaifikiria, na mama alikuwa ameacha kupepeta.

Katika miaka yote ya mfuko baba hakuwahi kwenda kumtazama maiti hata mmoja. Alikata, alikunja, alitoa. Macho yake hayakufika huko. Siku ile alisimama, akapanda kwenye kigoda, akaiteremsha ile sanda. Kisha akazunguka nyuma ya cherehani, akaitoa kamba ya mdogo wangu msumarini, akaitia mfukoni mwa kanzu. Akamwambia muosha watakwenda pamoja. Mama akamshika mkono wa kanzu akauachia, wakatoka.

Sijui walikaa huko muda gani. Jua lilikuwa kali na hapakuwa na mtu barabarani. Mimi na mama tulikaa sebuleni, kila mmoja akijua mwenzake anawaza nini: kwamba kijana yule ni mrefu, kwamba umri unalingana, kwamba mtu anaweza kuishi upande wa pili wa mji miaka yote na kurudi siku ya kufa. Binti wa muosha aliingia uani kutafuta kivuli. Kamba ya nguo ilikuwa tupu. Akasimama chini yake, akatazama huku na huku, akatuuliza kama yule kaka ameondoka. Mama akamwambia aende kwao akale.

Baba alirudi amekunja mikono ya kanzu mpaka viwiko, ananuka kafuri. Mama alisimama.

"Ni yeye?"

"Apana," baba akasema. "Nimemuosha na mikono yangu, nimemuangalia kila mahali. Si wetu. Ni mutoto wa mutu."

Akakaa chini, si kwenye kiti chake, chini kabisa, akaegemea ule ukuta wenye alama za visigino. Akasema sanda imemtosha yule kijana kama aliyekuja kupimwa, na kwamba kamba za kufungia zilikuwa pungufu, kwa hiyo amemfunga miguuni kwa kamba ya mdogo wangu. Imekwenda naye. Alisema pale hospitalini amewaza mama wa kijana yule, yuko mahali anasema atarudi, na hajui kwamba leo fundi mmoja amemfunika mwanawe vizuri. Kisha akamwambia mama:

"Wetu naye, kama kulikuwa mutu na kitambaa siku ile, alimufunika. Amekufa. Tandika mukeka."

Mama alianza kulia kabla hajaufikia mkeka. Sikuwahi kusikia kilio cha namna ile, kilio cha miaka kilichotoka kwa mkupuo, na muosha aliyekuwa bado mlangoni aligeuka akaenda kutafuta turubai. Wanawake wa mtaa walikuja na masufuria yao mabomu yakiwa bado yanalia milimani. Hawakuuliza nani kafa. Kesho yake, baada ya adhuhuri, wanaume walisimama safu uwanjani, na mbele yao palikuwa na mchanga mtupu, na shehe akalitaja jina, na safari hii akaongeza marehemu. Nilikuwa nyuma na wanawake. Nilitazama ule mchanga swala nzima, na najua si kitu cha kusema, lakini ulikuwa na urefu wa mtu.

Tulikaa matanga yetu yote, kwa kuchelewa kwa miaka, na watu walikula, na mzee mmoja alisimulia jinsi mdogo wangu alivyomwibia maembe, na tukacheka.

Barabara zilipofunguliwa mwalimu wa Gihosha alileta jora zima. Alilia na mama chumbani, akaondoka na macho mekundu. Baba alililoweka jora, akalianika, na lilipokauka akalitandaza mezani. Akaanza kutafuta miwani yake. Halafu akanipa mimi mkasi. Hakuwahi kunipa mkasi wa sanda hata siku moja.

Niliushika. Nikageuka nyuma ya cherehani kwa mazoea, kutafuta kipimo, nikakuta msumari mtupu karibu na dirisha.

"Nikate urefu gani, baba?"

Alikuwa ameipata miwani. Hakuivaa.

"Kata ndefu," akasema. "Ikizidi watakunja."